Mama Haji, Twende

3 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini mguu umepoa na kwamba cherehani bado inakusikiliza kuliko wanao wanavyokusikiliza. Mimi nipo, nadunda. Chumba ni kilekile cha juu ya karakana ya magari. Asubuhi mpaka jioni ni nyundo na mabati, na nikilalamika mafundi wa chini wananiambia mtu wa roki hana haki ya kulalamikia kelele. Mpiga dramu wangu anakusalimu. Ameota kitambi mpaka dramu anazifikia kwa taabu.

Simu usijisumbue kunipigia. Nina mafua yamenikaba kooni, nikiongea nasikika kama bawaba ya mlango wa stoo. Wewe andika. Barua zako zote tangu nilipoanza kuimba kwenye mabaa ninazo, ziko ndani ya spika iliyokufa.

Lililonifanya nishike kalamu ni hili. Jumapili ya tarehe 27 Aprili, alasiri, wananifanyia onyesho uwanjani, eti miaka arobaini ya ule wimbo. Mabango yamefika mpaka kwenye ukuta wa zahanati: nywele zangu nyeupe, mdomo wazi, na chini yake "MAMA HAJI, TWENDE!" Mtaani hakuna anayekumbuka jina langu. Muuza magazeti ananiita Mume wa Mama Haji. Yuko mwanamke wa mitumba aliyeandika jina hilo kwenye kibanda chake, na nikipita ananiita mume wangu mbele ya mume wake. Nacheka nao. Nifanyeje? Kizee cha miaka sitini na miwili chenye nywele mabegani, kikikasirika watu wanaona ni sehemu ya onyesho.

Nakutumia jaketi la ngozi kwa basi la mizigo. Lipunguze kiunoni na kifuani, limekuwa kubwa kidogo. Vipimo nimeviandika kwenye karatasi, iko mfukoni. Na siku hiyo uje, Dada, ukae mbele kabisa. Nataka mtu mmoja tu pale anayejua ninaimba nini.

Mdogo wako,
Kipaza

—

24 Februari

Mdogo wangu Kipaza,

Marahaba. Jaketi lilifika mapema, barua ikachelewa siku tisa. Huku hatujambo. Mwanangu, yule fundi umeme, mkewe amejifungua msichana wa tatu. Anavyolia, ni wewe mtupu, nimewaonya wasimpe gitaa. Mguu wangu unajua mvua kabla ya redio.

Sasa nisikilize. Mwaka juzi, ulipokuja kwenye msiba wa baba, nilikupima kiuno inchi thelathini na sita. Karatasi yako inasema thelathini na moja. Shingo umeandika kumi na tatu na nusu, na nadhani hata hapo umejipendelea. Nimeshonea watu miaka arobaini na nane, Kipaza. Mteja atanidanganya umri, atanidanganya nguo anaitaka lini, lakini mwili wake ukishaandikwa kwa inchi, nimemaliza kumjua. Mafua hayali shingo ya mtu. Nimekupigia mara sita, mara zote anapokea mpiga dramu, ananiambia umelala. Saa tano asubuhi umelala? Tangu lini? Una nini? Usinipige chenga, mimi ndiye niliyekufuta makamasi.

Kuja siwezi. Nina mgeni ndani, bibi mzee sana. Sitoki hata kwenda sokoni mpaka jirani aje kumkalia. Nimempa chumba cha nyuma, kile ulichokuwa ukilala ukija. Ni mtu mkimya. Wimbo wako ukipigwa redioni anagonga kidole kwenye ubao wa kitanda, polepole, anachelewa nyuma ya mdundo. Mwanzoni nilidhani anaufurahia.

Na jambo moja limenikaa rohoni. Mwaka jana nilikusikia kwenye mahojiano ukisema mama yetu alikufa ukiwa na miaka sita. Kwa nini ulisema hivyo? Sikugombezi, nauliza. Hili nijibu, hata kama mengine utayakalia kimya.

Jaketi tayari, nalirudisha kwa basi lilelile. Nimeacha ngozi ya akiba ndani ya mishono, ukinenepa tutaliachia.

Dada yako

—

18 Machi

Dada,

Shikamoo tena, na hongera kwa mjukuu. Mwambie fundi umeme kwamba watoto watatu wa kike ni bendi kamili.

Umenishika. Ni uvimbe kwenye koo, mahali pa sauti penyewe. Niliambiwa Desemba. Daktari ni kijana mpole, ana bango langu la zamani nyumbani kwao, la baba yake. Alinichorea kwenye karatasi: watakata kile kisanduku chote cha sauti, watanitoboa hapa chini ya shingo, nipumulie hapo. Nitaishi. Kuongea, basi. Nilimuuliza na kuimba je, akainama akaanza kupanga kalamu zake. Alitaka kunikata Januari. Nikamwomba anipe mpaka onyesho lipite. Hakufurahi, wala wewe hutafurahi, ndiyo maana sikukuandikia.

Umeuliza kuhusu mama. Kwangu mimi alikufa, Dada. Alikufa siku ile kwenye ngazi za posta. Baba alikwishamfukuza, sisi tuko kwa shangazi, wewe ukaniamsha ukaninong'oneza kwamba mama anakuja kutuchukua, nisimwambie mtu. Ulinivalisha shati la shule ingawa ilikuwa Jumamosi. Tulikaa pale. Jua lilihama kutoka ngazi ya juu mpaka ya chini, nikajikojolea kwa kuogopa kuondoka asije akatukosa. Kisha ukasimama, ukanishika mkono, ukasema, "Mama haji. Twende."

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili nilipoyatia kwenye gitaa, maneno hayohayo, sikuongeza kitu. Niliyapiga kelele kwa sababu hakuna namna nyingine ya kuyasema. Na yule mchapaji wa jalada la sahani ya santuri akaandika "Mama Haji" kwa H kubwa, akaweka alama ya mshangao. Usiku mmoja tu baada ya kupigwa redioni watu walishapata jimama lao la kucheza nalo: Mama Haji, twende! Twende wapi? Popote, baa, ufukweni, kitandani. Ningesimama jukwaani niwaeleze? Nilinyamaza, na kunyamaza kukanipa kula. Lakini kila nilipofika pale mimi nilikuwa nalia, Dada. Wanasema hakuna mtu aliyewahi kupiga ukelele kama ule.

Kwa hiyo mwandishi akiniuliza mama yuko wapi, nasema amekufa. Ni fupi.

Huyo bibi ni nani?

Kipaza

—

4 Aprili

Mdogo wangu,

Barua hii nimeianza mara tatu. Ya kwanza ilikuwa matusi matupu, nimeichana. Tangu Desemba! Unabeba kitu kama hicho kooni, unaniandikia vitambi vya watu! Nimelia mpaka wateja wawili wamerudi na vitambaa vyao. Nenda ukakatwe. Waambie wenye uwanja kwamba dada yako amekataa, niandikie anwani yao niwaambie mwenyewe. Sauti umeshawapa miaka arobaini, wanataka na roho juu yake?

Kama kichwa chako bado ni kilekile cha jiwe na utaimba, basi fanya moja kwa ajili yangu. Kabla ya hospitali pitia huku. Njoo ukiwa bado na sauti, hata ya kunong'ona. Yuko mtu anayehitaji kukusikia ukisema neno moja. Wimbo hautaki, ameusikia wa kutosha.

Bibi ni mtu wa ukoo. Zaidi ya hapo siwezi kwenye karatasi, na kwenye simu hutaki. Njoo tu.

Mtoto ameanza kutabasamu. Mwanangu anasema chumba chako cha karakana kina nyaya za hatari, usichomeke pasi na feni kwa pamoja.

Dada yako

—

30 Aprili

Dada,

Shikamoo. Nafurahi kwa tabasamu la mtoto. Feni nimechomoa.

Niliimba, au tuseme nilisimama. Uwanja ulijaa, Dada, watu walikaa mpaka juu ya paa la vyoo. Akina mama wenye wajukuu, vijana waliochora sura yangu kwenye fulana, na wengi wamevaa kilemba na kitambaa kiunoni, eti wao ndio Mama Haji. Nyimbo nne za kwanza nilizikwaruza. Tulipofika kwenye ule, mpiga dramu akahesabu, gitaa likaingia, nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu, hata upepo.

Unajua walifanya nini? Waliimba wao. Waliona nimewanyooshea maikrofoni wakadhani nawapa nafasi. Uwanja mzima: Mama Haji, twende! Wanaruka, wanacheka, wanabusiana. Nimesimama na jaketi lako limenikaa sawasawa, machozi yananitoka, magazeti yakaandika kwamba mkongwe alizidiwa na furaha. Kila mtu pale ananipenda na hakuna hata mmoja aliyewahi kunisikia. Nimechoka sana.

Nalazwa tarehe 10 Mei, nakatwa tarehe 14. Huko sitapitia.

Na kuhusu mgeni wako. Mimi si mtoto. Chumba cha nyuma, bibi wa ukoo, anayehitaji neno moja. Kama ni yule ninayemdhani, usiniambie. Nakuomba kwa heshima zote, Dada. Hasira ile ndiyo niliyoiimbia maisha yangu yote. Sauti wanaichukua tarehe 14. Na hasira nayo ukiichukua wewe, mimi nabaki na nini humu ndani?

Mpe chakula, mpe dawa, mtunze unavyojua. Usiniambie.

Kipaza

—

5 Mei

Mdogo wangu,

Leo hakuna salamu. Nikianza na salamu nitaogopa.

Ni mama. Yuko kwangu mwaka wa tatu sasa. Baba alipokufa, tangazo la msiba lilisomwa redioni na mji wangu ukatajwa, akapanda basi akaja kuniulizia mtaa kwa mtaa kwa kazi yangu ya ushonaji. Kabla ya hapo alikwenda kukutafuta wewe, kwenye kituo cha redio kinachopiga wimbo wako. Alisema mlangoni kwamba yeye ni mama yako. Mlinzi akamcheka, akamwambia, "Wiki hii wewe ni Mama Haji wa tatu." Akarudi zake.

Nimekuficha miaka mitatu na sasa utajua kwa nini. Sikuogopa kwamba utamchukia yeye.

Ile karatasi aliyotuandikia mama, akampa mwalimu wangu aniletee, wewe hukuwahi kuisoma, hukuwa unajua kusoma. Mimi nimeitunza kwenye droo ya cherehani maisha yangu yote, kwa chuki. Inasema: "Jumamosi, ngazi za posta, saa 4. Njooni wawili." Saa 4, kwa tarakimu. Mimi nikasoma saa nne. Saa nne asubuhi, kama mtu yeyote. Tulikaa mpaka saa saba, ukajikojolea, nikaona aibu, nikaona hasira, nikasema yale maneno.

Mama alikuwa anafua mashuka hospitalini. Kwenye ubao wa zamu pale saa ziliandikwa kizungu, kama mshale wa saa unavyoonyesha. Zamu yake iliishia saa tisa alasiri, ubaoni imeandikwa 3. Miezi mitatu alikuwa akiishi kwa ubao ule. Alipoandika 4 alimaanisha saa kumi jioni. Na saa kumi alikuja, Kipaza. Alikuja na tiketi tatu za treni na viatu vyako vipya. Alikaa kwenye ngazi zilezile mpaka giza likaingia na askari akamwondoa. Alipokwenda kwa baba kuuliza, baba akamwambia sisi wenyewe ndio tuliokataa. Wiki mbili baadaye baba akapata uhamisho, tukaondoka mji ule.

Tuligundua mwaka juzi, tumekaa jikoni, nimeitoa karatasi nimtupie usoni. Akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Akasema, "Nne hii ni ya jioni, mwanangu." Nilidhani nitakufa pale kwenye kiti. Alinishika mkono, akasema nilikuwa na miaka kumi tu.

Na wimbo wako anausikia sawasawa. Tangu mara ya kwanza, miaka arobaini iliyopita, kwenye redio ya pale dobini. Wenzake walicheza na mashuka, yeye alikaa chini. Yeye peke yake kati ya watu wote hakusikia Mama Haji. Kidole kile anachogonga, nilikuja kumsikiliza kwa karibu. Anagonga na kusema, "Nilikuja. Nilikuja."

Umeniomba nisikuambie na nimekuambia. Nichukie baadaye. Kabla ya tarehe 10 panda basi, mwite mama, akusikie mara moja. Moyo wake umechoka, daktari wetu hanifichi. Nilitaka kumwambia mpiga dramu kwenye simu, nikaona hili haliwezi kupitia mdomo wa mtu mwingine. Barua inaondoka leo hii.

Mimi niliyekushika mkono,
Dada yako

—

2 Juni

Dada,

Barua yako ilifika karakana tarehe 12, nimeshalazwa. Mpiga dramu aliona mwandiko wako, akasema huyu dada atamfokea mgonjwa, akaificha kwenye boksi la dramu mpaka nitoke. Nimetoka juzi. Nimeisoma nimekaa kwenye ngazi za karakana, mafundi wananipita.

Sauti imekwenda. Nina tundu chini ya shingo na kitambaa juu yake. Nikikohoa, hewa inatoka huko. Ninachotaka nakiandika kwenye daftari la shule, na muuza magazeti anasoma kwa sauti kama kipofu ni mimi.

Nimekukasirikia. Sitakuficha. Siyo kwa saa 4, mtoto wa miaka kumi angejuaje. Nimekukasirikia kwa miaka mitatu. Nilikuwa na sauti miaka mitatu hiyo yote! Ningeweza kusema mama. Neno lenyewe halina hata silabi tatu. Nilikaa nikilijaribu, midomo inafunga na kufunguka, hakuna kitu. Nikataka kukupigia kelele nikakumbuka. Ndipo nikacheka, kama ninavyoweza, kitambaa kikapepea, mpiga dramu akadhani nakufa akakimbia kuita mafundi.

Wewe ulisoma vibaya tarakimu moja, watu wakasoma vibaya herufi moja, na mimi nikatajirika jina. Sina la kusema, na hata ningekuwa nalo.

Nakuja. Mshono utakuwa umekauka. Jumamosi tarehe kumi na nne, basi linafika kwenu saa kumi jioni. SAA KUMI JIONI, Dada. Nimeandika kwa maneno. Msomee hivyohivyo. Mwambie sina sauti tena, lakini mkono ninao, nitamshika. Mwambie shati la shule sijavaa.

Kipaza

—

Jumamosi, 14 Juni

Mdogo wangu,

Hii sitaitia posta. Nitakupa mkononi ukishuka, kwa sababu mdomoni haitatoka. Wote wawili leo hatuna sauti.

Barua yako ilifika Jumatatu. Nilimsomea. Nikamsomea tena. Kuanzia hapo kila asubuhi aliniuliza kama leo ni Jumamosi. Alinituma nimtafutie viatu vya mtoto kwenye sanduku lake, amevitunza, vya mguu wa miaka sita, soli haijaguswa. Nikamwambia mama, huyu sasa ana nywele nyeupe, akasema najua, nataka avione tu. Jumatano aliniagiza nimwekee kiti mlangoni siku ikifika, tangu saa nne asubuhi. Nikasema anakuja saa kumi, mama, ameandika kwa maneno. Akasema, "Wewe niwekee saa nne. Safari hii nazikaa zote mbili."

Alhamisi nilimpelekea uji. Kidole kilikuwa kwenye ubao wa kitanda, na hakikugonga.

Nilimpigia mpiga dramu. Akauliza akuambie, nikasema hapana, mwache apande basi na furaha yake. Nimekuficha tena, naona ndiyo kazi niliyozaliwa nayo. Hatujamzika. Tunakungoja wewe, tutamzika kesho.

Yapo maneno mawili niliyokuambia ukiwa na miaka sita, na kwa makosa yangu hayakuwa kweli. Leo ni kweli, na siwezi kuyaandika. Unayajua, umeyaimba.

Basi lako bado. Kiti nimekitoa mlangoni kama alivyotaka, viatu nimeviweka juu yake. Mimi nimekaa hapa kwenye ngazi tangu saa nne asubuhi. Safari hii siondoki.

Dada yako